Bwana Ndoo, Mtu Aliyeyafuata Maji

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki,

Tangu mlipoanza kuwasili, wengi wenu mmeuliza kwa sauti ya chini kwa nini kaburi la ndugu yetu limechimbwa ng'ambo ya barabara, kwenye shamba la majani ya ng'ombe, na si hapa kando ya nyumba walikolala baba na mama. Ni swali la haki, na wasifu huu utalijibu. Lakini jibu lake limesambaa katika maisha yake yote, kwa hiyo naomba mnivumilie nianze mwanzo. Jina lake la vyeti limeandikwa kwenye jalada la ratiba hii. Humu ndani nitamwita kama mlivyozoea kumwita, naye akaitika kwa furaha kwa zaidi ya miaka arobaini: Bwana Ndoo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, ambamo siku hizi huwekwa pumba na madumu ya maziwa. Alikuwa wa tatu kati yetu watoto wanne, nami dada yake nilimtangulia. Baba yetu alikuwa mwashi. Mama alilima, na alifuga ng'ombe wawili, mmoja mpole na mwingine mwenye kisirani. Kwa ajili ya waliofika hapa leo kwa mara ya kwanza, nieleze mahali penyewe. Juu yetu liko shamba kubwa la ng'ombe wa maziwa. Chini yake ipo nyumba hii. Chini ya nyumba, baada ya mteremko wa majani, ipo chemchemi inayotekwa na kaya zote za upande huu. Na barabara mliyokuja nayo inapita juu ya mgongo wa kilima: mvua ikinyesha upande wetu, maji huishia kwenye chemchemi, ikinyesha upande wa pili, huteremkia mashambani, mbali na ndoo ya mtu yeyote.

Kazi yake ya utotoni ilikuwa kuwashusha ng'ombe kwenda kunywa kwenye hori la maji lililokuwa chini ya chemchemi, kwa njia nyembamba iliyochongwa na kwato, iliyoteremka tangu shamba la juu. Ng'ombe walirudi kwa wakati, yeye hakurudi. Mvua ikinyesha, alichuchumaa njiani akichora vijito kwa kidole, akiviziba kwa tope kisha kuvifungua, aone vitaelekea wapi. Mama alisimama mlangoni na kumwita, "Wewe mtoto, hayo maji yamekuajiri?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Bado, mama. Ndiyo kwanza naomba kazi."

Alisoma shule ya msingi hapo chini ya kilima kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na sekondari kuanzia 1968 hadi 1971. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alikuwa yule mwanafunzi anayeuliza swali wakati wenzake wamekwisha kufunga mikoba, na ambaye mwalimu hujikuta akilifikiria swali lake njiani kurudi nyumbani. Mwaka 1973 aliingia chuo cha mifugo. Huko wanafunzi waligawiwa maeneo ya mazoezi: wengine walichagua chanjo, wengine uzalishaji wa maziwa. Mkufunzi alipouliza nani angependa kushughulika na shimo la samadi, darasa zima lilitazama viatu vyake. Marehemu alinyoosha mkono. Baadaye alituambia kwamba hakuwa na wito wowote siku hiyo. Ila ndiye pekee aliyekuwa na mabuti ya mpira, na aliona ni ubinafsi kuyaacha yakae bure. Alihitimu mwaka 1975, na shimo lile halikumwachia tena.

Tarehe 1 Februari 1976 aliajiriwa katika ofisi ya mifugo. Wanaokumbuka chumba kile watakumbuka meza mbili zilizogusana, dirisha lililotazama uwanja wa mizani, na rafu ndefu ya makopo ya maziwa yaliyojaa udongo, kila kopo na karatasi yake ya jina la shamba. Mgeni aliyeomba sukari ya chai alionywa asijichotee mwenyewe.

Kazi ya kupanga samadi inaweza kusikika ndogo kwa asiyeijua. Banda lenye ng'ombe wengi hujaza shimo kabla mwenye banda hajageuka. Ndani ya uchafu huo kimo chakula cha mahindi na majani. Ukikimwaga kwa wakati wake na kwa kiasi chake, unavuna. Ukikimwaga ovyo, mvua hukichukua na kukipeleka kwenye maji ya watu. Kazi yake ilikuwa kukaa na mfugaji na kupanga naye: ng'ombe ni wangapi, shimo liwe wapi na lifunikwe na nini, udongo wa kila shamba una nini na umepungukiwa nini, samadi iende shamba lipi, mwezi gani, matoroli mangapi. Mfugaji aliyedhani kwamba kizuri kikizidi ndiyo vizuri zaidi, marehemu alimjibu kwa upole, "Shamba nalo hushiba, mzee. Likishashiba, kinachobaki hakikai. Kinaondoka."

Familia imeniomba nisiifiche sehemu inayofuata, kwa sababu yeye mwenyewe hakuificha hata siku moja.

Mwaka 1979 alipewa mpango wake wa kwanza mkubwa, nao ulikuwa wa shamba hilo hilo lililo juu yetu. Alihesabu ng'ombe, akapima mteremko, akachukua udongo, akachora matuta ya kuzuia maji. Mkuu wake wa kazi aliusifu mpango ule mbele ya ofisi nzima. Samadi ikamwagwa shambani kabla ya mvua, sawasawa na maelekezo. Kitu kimoja tu hakikuwamo kwenye mchoro: njia ya ng'ombe. Ile ile aliyoichezea utotoni. Kwato za miaka mingi zilikuwa zimeichimba kina mpaka ikayakata matuta yote mapya, lakini kwa mtu aliyeizoea tangu akiwa mdogo haikuwa mfereji. Ilikuwa njia ya nyumbani. Mvua ya kwanza ilipokuja kwa kishindo, haikuwa na mazoea hayo. Iliona mfereji. Kesho yake asubuhi chemchemi ilikuwa na rangi ya chai na harufu ya banda.

Ofisini kulikuwa kumeandaliwa tangazo la kusema kwamba mvua zisizo za kawaida zimechafua maji. Marehemu hakulisubiri. Alishika njia mwenyewe, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasinywe na wasiwape watoto, na kila mlango aliopiga hodi alieleza kwamba mpango ulikuwa wake. Walikuwapo waliomfokea. Alisimama akafokewa mpaka mwisho, kisha akaenda mlango unaofuata.

Alipofika kwa mama mmoja wa ng'ambo ya chemchemi, aliyeishi na binti yake fundi cherehani, alikaribishwa kwa heshima zote. Mkeka wa kukalia ulikung'utwa. Kabla hajafungua kinywa, binti alimwekea kikombe mbele yake.

"Karibu chai, bwana mifugo."

Hakuna aliyemwambia maji yametoka wapi, na hakuhitaji kuambiwa. Pua yake ilikuwa na cheti. Lakini alilelewa asikatae kikombe mbele ya mtu mzima, basi akanywa.

"Chai ikoje?" binti akauliza.

"Nzuri, dada. Asante."

"Basi nikuongeze."

Akaongezwa. Akanywa na hicho, jasho likimtoka.

"Na hiki?"

"Kizuri."

"Sukari imekolea?"

"Imekolea."

Birika lilipoinuliwa mara ya tatu, aliweka kiganja juu ya kikombe. "Dada, tusidanganyane. Chai hii ina ng'ombe."

"Ng'ombe gani tena? Sisi hatufugi."

"Wa shamba la juu. Nimewaleta mimi."

Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akashika ukuta. "Vikombe viwili vyote, baba! Ungesema mapema ungeokoka na kimoja."

Huyo binti ndiye mjane tunayemfariji leo. Miaka mingi baadaye rafiki zake walipomuuliza alimpendea nini mtu aliyewachafulia maji, alisema, "Wengine wote walioulizwa habari za maji yale walijibu: mvua. Yeye alijibu: mimi." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981. Nakumbuka kwamba wakati wa picha bwana harusi alipotea kidogo. Alipatikana nyuma ya ukumbi akikagua mfereji wa bomba lililokuwa likivuja. Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na mitatu. Ilikuwa na sheria moja tu isiyojadiliwa, nayo ni kwamba mabuti ya mpira hayavuki kizingiti.

Maji yale hayakusafika upesi. Kwa msimu mzima kaya za upande huu ziliteka kwenye bomba la shule, na marehemu aliwabebea maji wazee wasioweza kushuka, kwa baiskeli ya ofisi, kabla na baada ya saa za kazi. Wakati huo huo alirudi shambani. Aliiziba njia ya ng'ombe kwa mawe na kuotesha majani juu yake, akalihamisha hori la maji kwenda mahali pengine, na akaupunguza ule mpango wake uliosifiwa. Kisha akaja kwa baba na ombi zito kuliko yote. Alitaka mteremko wote ulio kati ya nyumba na chemchemi ubaki majani matupu: pasilimwe, pasiwekwe samadi, pasifungwe mnyama, pasijengwe choo wala banda, sasa na siku zote.

Baba alikuwa amejipangia mihogo pale. "Niiache ardhi yangu imekaa tu kama mgeni?"

"Haijakaa, baba. Inachuja."

"Inachuja nini?"

"Makosa yangu kwanza. Halafu na ya wengine."

Baba alipanga matofali siku nzima, na jioni akasema mihogo inaweza kuota kwingine. Majirani waliopakana na chemchemi nao wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa ukanda wa majani mnaouona hapo chini. Mwaka uliofuata maji yalirudi kuwa safi, na hayajabadilika rangi tena mpaka leo.

Tangu kosa lile, marehemu hakuingia tena kwenye banda la mtu yeyote kabla ya kuomba ndoo ya maji. Aliyamwaga mlangoni pa banda, kisha akayafuata kwa miguu, taratibu, mikono nyuma, popote yalipokwenda: chini ya uzio, kwenye kibustani, mara nyingine mpaka uani kwa jirani, akiomba radhi njiani. Yalipoishia ndipo mpango ulipoanzia. Alisema ramani inaeleza ardhi ilivyopimwa, lakini ndoo inaeleza ardhi ilivyo. Jina la Bwana Ndoo alipewa na wafugaji kwa kumtania, naye akalipenda kuliko cheo chochote.

Mfugaji mmoja, ambaye wote tunamfahamu kwa jina la Tajiri na ambaye yupo nasi leo, ameniruhusu nisimulie lake. Alikuwa amekwisha kuchimba shimo kubwa la samadi nyuma ya nyumba yake, na alitaka sahihi tu.

"Bwana Ndoo, weka sahihi twende tukale. Shimo ni shimo."

"Ni kweli, Tajiri. Naomba ndoo."

"Mimi nimekaa hapa miaka ishirini, utanifundisha uwanja wangu?"

"Hapana. Huo uwanja ndio utakaotufundisha sote wawili."

Maji yalimwagwa. Yalizunguka shimo, yakapita chini ya kamba ya nguo, yakaingia kwa adabu kabisa chini ya mlango wa jikoni. Mke wa Tajiri alitoka na ufagio mkononi, akatazama maji, akatazama shimo, akamtazama mumewe. "Mwacheni amwage tena," akasema. "Nataka baba watoto aone vizuri." Shimo lilihamishwa juma lile lile, na Tajiri amekuwa mtetezi mkubwa wa mipango ya samadi kuanzia hapo, hasa anapozungumza mbele ya mkewe.

Hakuwa mtu asiye na upungufu. Alikuwa mbishi kwa upole, ubishi ambao ni mgumu kuliko wa kelele, kwa sababu haumpi mtu sababu ya kukasirika. Alichelewa kila mahali. Hakuweza kula kwa utulivu kwenye nyumba ambayo mfereji wake wa maji machafu umeelekea kubaya. Na watoto wake walipata taabu shuleni. Binti yake mkubwa alirudi siku moja akilia kwamba wenzake wamemwimbia kuwa baba yake anauza samadi. Walitumia neno fupi zaidi, ambalo mtaniwia radhi nisiliandike. Baba yake alimpangusa machozi akamwambia, "Kesho waambie wamekosea. Siuzi. Ni yao wenyewe, mimi nawaonyesha tu pa kuyaweka." Binti huyo alikwenda akasema hivyo hivyo, na hakuimbiwa tena. Leo ndiye anayeendesha mifugo ya nyumba hii, naye hupanga samadi ya wengine kwa ndoo ile ile ya bati, iliyowekwa mpini mpya.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2013 baada ya kuandaa mipango ya mashamba makubwa na madogo ambayo hesabu yake hata ofisi haina hakika nayo. Aliwafundisha maofisa vijana wengi, na somo lake la kwanza lilikuwa ni kuwaamuru waweke kalamu chini. Baada ya kustaafu aliendelea kuitwa, na aliendelea kwenda.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 miguu yake ilianza kuvimba, na uchunguzi ukaonyesha kwamba figo zimechoka. Daktari, dada mmoja mpole na makini, alimkalisha na kumwandikia vyakula na vipimo: maji yasizidi kiasi hiki kwa siku, potasiamu ipunguzwe, fosforasi ipunguzwe, kwa sababu mwili hauwezi tena kuondoa kilichozidi. Marehemu aliisoma karatasi ile mara mbili, akatabasamu.

"Daktari, umenifanya shamba."

"Kivipi, baba?"

"Nimeshiba. Kinachobaki hakina pa kwenda."

Daktari aliniambia kwamba hajapata mgonjwa mwingine aliyeelewa maelezo yale mara moja, wala aliyeyafuata kwa uaminifu kama ule. Alikwenda kusafishwa damu hospitalini kwa zaidi ya miaka mitatu, akiketi kwenye kiti kile cha kuegemea chini ya dirisha, na wauguzi walimzoea mzee aliyetaka kujua maji ya mashine yanatokea wapi na yanamwagwa wapi. Walimpeleka nyuma ya jengo wakamwonyesha. Aliridhika.

Mwezi wa Aprili mwaka huu, akiwa ameketi barazani na mkewe na binti yake mkubwa, alitoa ombi lake. Baba na mama wamelazwa pembeni ya nyumba, kwenye ukingo kabisa wa ukanda wa majani. Nafasi pekee iliyobaki kando ya mama imo ndani ya ukanda wenyewe.

"Msinilaze pale," alisema.

"Kando ya mama yako?" mkewe aliuliza. "Watu watasema nini?"

"Miaka yote nimewazuia ng'ombe wa watu kukaa pale. Mkinilaza mimi, nitawaambia nini ng'ombe?"

Walicheka, kisha akaendelea bila utani. Alisema anajua mtu mmoja si zizi zima. Lakini ukanda ule haulindwi na uzio. Unalindwa na neno tu. Tayari jirani mmoja wa upande wa chini alikuwa ameanza kuuliza kama sehemu ile bado ina kazi, kwa kuwa anahitaji pa kuweka ndama. "Wa kwanza kuingia akiwa ni mimi niliyeuweka," alisema, "wa pili atazuiwa na nani?" Akataja mahali alipotaka: ng'ambo ya barabara, kwenye majani ya ng'ombe.

Hali yake ilibadilika ghafla mwishoni mwa Mei. Alifariki hospitalini asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkewe akiwa amemshika mkono.

Siku ya Jumatano familia ilikaa sebuleni kupanga mazishi, na hapo lilizuka jambo ambalo Shangazi, mdogo wake baba na mkubwa wetu aliyebaki, ameniruhusu niliandike, kwa sharti kwamba niliandike lote. Shangazi alilikataa ombi la marehemu.

"Mwalimu," aliniambia, kwa jina la kazi yangu, "wewe na hao wenzako mnataka kumtupa mtoto wetu ng'ambo ya barabara, kwenye majani ya ng'ombe, peke yake, kama mtu asiye na kwao? Mama yake ameacha nafasi pale. Nafasi ya nani ile?"

Mjane alijua mumewe alitaka nini, na alijua pia kwamba neno la Shangazi likishasimama hakuna wa kulishusha. Miaka arobaini na zaidi ya majani yale, na maji ya watu wote waliokaa chini yake, vilitegemea jibu litakalotoka chumbani humo. Mdogo wake marehemu alijaribu kueleza habari za ndama wa jirani; Shangazi akamwambia ndama hawakuitwa kwenye kikao. Ndipo binti mkubwa alipoinuka, akatoka, akarudi na ndoo ya bati imejaa.

"Bibi, sitabishana nawe. Njoo tu uone."

"Nione nini? Maji nimeyaona tangu nizaliwe."

"Yaone tena."

Shangazi alitoka na fimbo yake, akalalamika njia nzima. Pale kando ya kaburi la mama, binti alimwaga. Maji yalisita kidogo, yakateleza kando ya kaburi, yakaingia kwenye majani, na hatukuhitaji kuyafuata mbali kujua yanakwenda wapi, kwani chini pale mtoto wa jirani alikuwa akijaza dumu.

"Mwaga tena," akasema Shangazi. Yakamwagwa tena. Yakafuata njia ile ile.

"Ndoo hii ina mazoea," alisema, lakini sauti ilikuwa imelegea. "Tupelekeni huko kwenu."

Tulivuka barabara polepole, akiwa ameshika mkono wa mjane. Binti alijaza ndoo upya, akamwaga mahali alipopataja baba yake. Maji yaligeuka kutuacha, yakashuka upande wa pili kati ya mistari ya majani, yakanywewa na udongo kabla hayajafika popote.

Shangazi aliegemea fimbo. Kisha akasema, "Hata akiwa amelala anashinda ubishi." Akapangusa macho kwa ncha ya khanga. "Haya. Mlazeni hapa. Ila nilisema hatalala peke yake, na sijabadili. Na mimi mnipimie hapo pembeni." Akamgeukia binti mwenye ndoo. "Sasa hivi. Mwaga na hapo, nione yangu yanakwenda wapi."

Yakamwagwa. Yalikwenda kuzuri.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunapovuka barabara leo hatumpeleki mbali na kwao. Jirani mwenye ndama naye alikuja jana mwenyewe, akasimama kwenye majani na kofia mkononi, akasema ndama wake amewapatia mahali pengine.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, yaani binti mkubwa ambaye ni mfugaji, kijana wa pili ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba ambaye ni muuguzi, wajukuu sita, wakwe na mashemeji, dada yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea haya, mdogo wake wa kiume, dereva wa lori, na Shangazi. Ameacha pia wafugaji wengi ambao, wanapoona mawingu, hutazama kwanza ardhi yao imeinamia wapi.

Baada ya mazishi mtakaribishwa chai hapa nyumbani. Maji yake yametekwa leo asubuhi kwenye chemchemi. Mjane mwenyewe ndiye atakayewamiminia, na ameniagiza niwape taarifa mapema: atamuuliza kila mmoja wenu chai ikoje, na anataka ukweli.

Lala salama, ndugu yetu. Maji yanakwenda ulikotaka yaende.